Maji Yasiyo na Kibali

Nchi yenyewe sitaitaja. Sheria yake inataka kila anayelitamka jina lake awe amesimama wima, mikono imenyooka, uso umeelekea Ikulu, nami hadithi hii naisimulia nimekaa. Itoshe kusema ni nchi yenye raha sana. Imeandikwa hivyo kwenye bango kubwa pale mpakani, na bango hilo linalindwa na askari wawili wenye bunduki ili raha isiibwe.

Katika nchi hiyo alikuwepo mwanamke aitwaye Mashavu Kitwana, umri wake miaka arobaini na miwili, mpimaji katika Wizara ya Mambo ya Chini. Wizara hiyo ilishughulikia kila kilichomo ardhini: madini, maji, mihogo iliyozidi urefu wa mita moja, na marehemu. Waziri wake, Mheshimiwa Daktari Pazi Mwinyikondo, hakupenda hata kidogo kuitwa Waziri wa Chini. Alihamishia ofisi yake ghorofa ya kumi na mbili, na kila aliyetaka kumwona ilimpasa kuandika kwenye daftari la mlangoni: "Nimekuja kwa Waziri wa Chini aliye Juu."

Kazi ya Mashavu ilikuwa kutafuta maji bila kuchimba. Alikuwa na masanduku mawili, moja la kupeleka umeme na jingine la kusikiliza, pamoja na bunda la waya mrefu. Waya huo aliutandika juu ya ardhi kwa umbo la mraba, kila upande hatua mia moja, akapitisha umeme, kisha akaukata ghafla. Ardhi ya chini ilistuka. Ilitoa umeme wake mdogo uliofifia polepole, na sanduku la pili likaunasa. Mwamba mkavu ulinyamaza mara moja. Udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi vilichelewa sana kunyamaza. Mchanga wenye maji matamu ulikuwa katikati, na sikio la Mashavu, baada ya miaka kumi na saba ya kazi hiyo, lilikuwa limeuzoea.

"Ardhi haina adabu," alipenda kumwambia dereva wake, Ngoda, mtu mwenye maneno machache na njaa nyingi. "Haikuulizi wewe ni nani. Ukiistua, inajibu."

"Ndiyo maana haijapewa cheo," Ngoda alimjibu.

*

Mambo yalianza Siku ya Shukrani, siku ambayo wananchi huishukuru serikali kwa mvua, kwa jua, na kwa wao wenyewe kuzaliwa. Mwaka huo Mlezi Mkuu wa nchi alihutubia juu ya Kilima cha Fahari. Alipofika saa ya tano ya hotuba koo lilimkauka. Akapiga mguu chini, akasema:

"Hapa pana maji."

Wapo wanaosema alikuwa anauliza. Msaidizi aliyesimama nyuma yake anaapa mpaka leo kwamba alimgeukia yeye na kuangalia glasi tupu. Lakini redio ilikuwa hewani, na redio ya nchi hiyo haina alama ya kuuliza. Watu elfu tisa wakapiga makofi. Kabla jua halijatua, pale alipokanyaga palizungushiwa uzio wa shaba, gazeti likaandika kwamba Mlezi Mkuu ameona ziwa chini ya kilima kwa macho yake ya ndani, na jiwe la marumaru likaagizwa lenye maneno: "Kisima cha Taifa. Maji yalitoka yenyewe kwa furaha."

Asubuhi yake Mashavu alipokea barua ya kumtaka akapime mahali hapo "kwa lengo la kuthibitisha." Aliigeuza, akaona fomu ya matokeo imeambatanishwa. Kina cha maji kilikuwa kimeshajazwa. Wingi wake umejazwa. Ladha yake imejazwa: tamu, yenye uzalendo. Palipobaki wazi ni pa sahihi tu.

Kule kilimani alipokewa na Afisa Itifaki aliyevaa suti nyeusi juani.

"Bi Mashavu, umeme wako hautapita chini ya unyayo wa Mlezi Mkuu," alisema. "Utazunguka."

"Bwana, umeme hauzunguki. Unashuka kila mahali."

"Basi ushuke ukiwa umeinama."

Walibishana hadi adhuhuri. Mwishowe ikakubaliwa kwamba umeme upite, lakini kabla ya kupita isomwe risala ya kuuomba radhi unyayo, na Ngoda aishike bendera wakati wa kupima. Mashavu akatandika waya wake, akapima mara nane. Mara zote nane kilima kilinyamaza papo hapo, kimya cha mwamba wa itale, mgumu na mkavu, kutoka nyasini hadi mita mia tatu na zaidi. Hapakuwa na ufa wala unyevu hata wa kulowesha ulimi wa mjusi.

"Mitambo inasemaje?" aliuliza Afisa Itifaki.

"Inasema hapa ni jiwe tupu."

Afisa alitazama kushoto na kulia. "Jiwe gani hilo linalosema hivyo?"

*

Wakati wa kurudi, Mashavu alimwomba Ngoda apitie bondeni. Kwa miaka mitatu alikuwa akiitazama picha moja ya eneo hilo iliyopigwa kutoka kwenye ndege, na kila alipoitazama aliuona mkunjo mwembamba kwenye ardhi, kama mstari wa zamani uliofutwa vibaya. Alihisi ni mto wa kale uliozikwa na mchanga. Kuomba kibali cha kwenda kupima kulishindikana, kwa sababu mkunjo huo ulipita kwenye kijiji cha Ngendambili.

Ngendambili kilikuwa na kosa moja. Zamani Mlezi Mkuu alikitembelea, akauliza kama kuna mwenye swali, na mtu mmoja akauliza. Tangu siku hiyo serikali ilikibadilisha jina kikaitwa Mtulieni, ikakiondolea zahanati, na kwenye ramani mpya ikakipaka rangi ya kijivu yenye maandishi: "Hapa hakuna kitu, juu wala chini."

Aliyeuliza lile swali alikuwa Bi Somoe, mjane wa miaka sitini, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Ndiye aliyewafikia wa kwanza walipokuwa wakishusha masanduku.

"Mmekuja kupima nini safari hii?" aliuliza. "Wa mwaka juzi walikuja kupima vichwa vyetu. Wa mwaka jana wakapima furaha."

"Nimekuja kupima maji, mama," alisema Mashavu.

"Yapi? Haya?" Bi Somoe akamwonyesha ndoo aliyotoka nayo mtoni, mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Ndani yake mlikuwa na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. "Mwanangu, mimi nimezika wajukuu wawili kwa ndoo hii. Kama una karatasi ya kunijazisha, ijaze mwenyewe."

Mashavu aliinama akaanza kutandika waya. Wanawake walimtazama kwa muda, kisha, kwa sababu mbuzi walikuwa wameanza kuutafuna, wakasimama kando yake wakawafukuza. Alipima mara ya kwanza, akasogea hatua mia mbili, akapima tena. Katika kituo cha nne sanduku lilichelewa kunyamaza. Chini ya mchanga mkavu palikuwa na tabaka la mfinyanzi. Na chini ya mfinyanzi, kuanzia mita ishirini na mbili hivi, sauti ikawa ile ya katikati aliyoijua vizuri kabisa. Alirudia mara tano.

Sheria ya Wizara ilikuwa wazi: matokeo ya chini ni siri ya Dola hadi yatangazwe na Mlezi Mkuu. Bi Somoe alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Sema, mwanangu. Kama hamna, sema hamna. Tumechoka kuambiwa tusubiri."

Mashavu akamwangalia Ngoda. Ngoda akaangalia mawingu.

"Yapo," alisema Mashavu. "Hapa uliposimama. Mita ishirini na mbili."

Bi Somoe hakushangilia. Alisogea pembeni taratibu, kama mtu aliyekuwa amemkanyaga aliyelala, akaitazama ardhi kwa muda mrefu.

*

Kwenye ghorofa ya kumi na mbili, Mheshimiwa Waziri aliisoma ripoti ya Kilima cha Fahari mara mbili, ya pili akiwa ameigeuza juu chini, labda itabadilika.

"Bi Mashavu," alisema kwa upole, "mwamba huo ni wa chama gani?"

"Ni wa itale, Mheshimiwa."

"Sikuulizi kabila lake. Nakuuliza msimamo wake." Akainuka, akaenda dirishani. "Taifa lina mwelekeo. Milima ina mwelekeo. Hata mifugo siku hizi ina mwelekeo. Haiwezekani jiwe moja, lisilo na elimu, lipingane na kauli ya Mlezi Mkuu mbele ya mitambo iliyonunuliwa na serikali hiyohiyo!"

Kamati ya Wataalamu iliitishwa mchana huohuo. Walikuwa wajumbe kumi na mmoja, na mtaalamu kati yao alikuwa mmoja, Mashavu, aliyekaribishwa kwa ajili ya kuchukua kumbukumbu. Baada ya chai, kamati iliazimia kwamba ziwa lipo, kwa kura kumi bila kupingwa. Mwamba ukapewa siku thelathini za kujirekebisha. Mjumbe mmoja alipendekeza umeme wote unaopelekwa ardhini uapishwe kwanza, na hoja yake ikapita kwa shangwe.

"Sasa tia sahihi," Waziri alimwambia, akimsogezea fomu. "Sikuombi udanganye. Nakuomba uwe na matumaini ya tarakimu."

Mashavu aliishika ile fomu, na kwa kitambo kidogo kalamu ilikuwa vidoleni mwake. Wala usidhani alikuwa shujaa tangu kuzaliwa. Miaka sita nyuma alikuwa ameshatia sahihi fomu kama hiyo, ya kijiji kiitwacho Lihambe, ambako chini yake palikuwa pakavu kama jiko lililozimwa. Pampu ikasimikwa, utepe ukakatwa. Miaka mitatu baadaye gari lake lilipita huko akawakuta watu wamepanga foleni na ndoo, kila mmoja akipampu mara hamsini, hakuna kinachotoka, anampisha mwenzake.

"Kwa nini mnapampu?" aliwauliza.

"Karatasi ya serikali inasema maji yapo," mwanamke mmoja alimjibu bila kuacha kupampu. "Tukiacha, watasema ni sisi tuliyakimbiza."

Karatasi yenyewe ilikuwa imewekwa ndani ya kioo juu ya pampu, na jina lililosomeka chini yake lilikuwa Mashavu Kitwana. Mwanamke yule hakumjua. Alimwomba tu, kama ana nguvu, amsaidie zile hamsini zake. Mashavu akapampu. Alizihesabu zote hamsini.

Akairudisha kalamu mezani.

"Sitii," alisema.

"Hutii nini?"

"Sahihi, Mheshimiwa. Kilima kile hakina maji. Maji yako Ngendambili, nimeyapima, na ripoti yake ni ile ya pili hapo chini ya sahani yako ya korosho."

Chumba kilinyamaza haraka kuliko mwamba. Waziri aliinyanyua sahani, akaona neno Ngendambili, akairudisha sahani juu yake kama mtu anayefunika nge.

Kesho yake Mashavu alipandishwa cheo hadi nyumbani. Barua ilisema hivyo: "Umepandishwa na kuwa Mshauri Mwandamizi wa Nyumba Yako, pasipo ofisi, mitambo wala wa kumshauri." Masanduku yake yakachukuliwa na askari wanne, wakiyabeba kwa tahadhari kubwa, kwa kuwa waliambiwa yanasema ovyo.

*

Nyumbani kwake alikaa siku mbili. Siku ya tatu alifunga mlango, akaweka daftari lake la vipimo ndani ya mkoba, na akapanda lori la mkaa lililokuwa likielekea bondeni.

"Mitambo wamechukua," alimwambia Bi Somoe. "Nimebaki na hizi namba tu, na nimezipima mara tano. Kama mnaziamini, tuchimbe."

"Tuchimbe kwa kitu gani? Tuna majembe manne na sururu mbili."

"Kwa hizo."

Bi Somoe akamtazama kuanzia viatu vya ofisini hadi kichwani. "Wewe utashika nini?"

"Kamba."

Walichimba wiki sita. Mchimbaji mkuu alikuwa shemeji yake Bi Somoe, Mpalanje, mtu mfupi mwenye mabega ya ng'ombe. Kwenye mita ya saba ukuta wa mchanga ulimporomokea ukamfunika hadi kifuani, na walipomvuta juu alikuwa hawezi kusema. Kazi ikasimama siku nne. Ilionekana wazi kuwa bila matofali kisima kitageuka kaburi, na Ngendambili hakukuwa na matofali, isipokuwa yale ya Jengo la Makumbusho ya Mafanikio, ambalo serikali ilikuwa imeanza kulijenga pale kijijini, ikaliacha kwenye msingi kwa kukosa cha kuweka ndani. Wanawake wakayabeba kichwani, moja moja, mchana kweupe. Mpalanje akarudi shimoni kifua kikiwa bado kimefungwa kitambaa.

Katikati ya kijiji palikuwa na redio ya serikali juu ya mlingoti, isiyo na kitufe cha kuizima. Siku walipofika mita ya kumi na tisa ndiyo siku ambayo Kisima cha Taifa kilizinduliwa. Walichimba huku wakisikiliza.

"Yanatoka! Yanatoka, ndugu wasikilizaji!" mtangazaji alipaza sauti. "Mlezi Mkuu anayanywa! Anatabasamu! Anasema ni matamu!"

Ngoda alifika jioni hiyo akiwa na lori tupu na macho mekundu. Yeye naye alikuwa kazini siku hiyo. Alisema mashine ilichimba kilima hadi mita mia tatu na kumi, ikavunja vichwa vitano vya kutobolea, ikatoa vumbi. Basi yakaletwa magari ya maji kutoka kwenye tangi la mji wa wilaya, yakafichwa nyuma ya pazia la jukwaa, bomba likapitishwa chini ya zulia.

"Na wageni wanakuja kila siku kukiona," alisema. "Kwa hiyo magari hayasimami. Tangi la mji linakauka ili kilima kitiririke." Akavua shati, akaingia kwenye foleni ya kamba.

Kesho yake walikutana na kitu kigumu. Sururu iligonga, ikateleza. Mpalanje alipanda juu akiwa ameshika donge la kijivu, zito.

"Dada," alisema, "umesema mchanga wenye maji. Huu ni udongo wa kufinyangia vyungu. Umefunga kila mahali."

Watu wakamgeukia Mashavu. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuumiza zaidi. Mfinyanzi aliutarajia kwenye mita ya kumi na sita, na sasa walikuwa ishirini. Kama alikosea hapo, pengine alikosea pote. Pengine ile sauti ya katikati aliyoisikia ilikuwa tamaa yake mwenyewe. Aliona mbele yake pampu, foleni, na karatasi ndani ya kioo.

"Nifungeni kamba," alisema.

"Wewe?" Bi Somoe alishangaa. "Na viatu hivyo?"

Alivivua. Wakamteremsha. Chini kulikuwa na baridi na harufu ya chungu kipya. Alikwangua udongo kwa kucha, akaufinya, akaubandika shavuni. Ulikuwa na unyevu. Akapiga magoti akachimba kwa sururu fupi, bila ustadi, akijikwaruza magoti, hadi mikono ikatoka malengelenge na malengelenge yakapasuka. Walimwita apande akakataa. Mpalanje alishuka akamkuta analia na kuchimba kwa pamoja. Akachukua sururu ya pili.

Siku tatu zilipita hivyo, kwa zamu. Kwenye mita ya ishirini na tatu sururu ya Mpalanje ilizama hadi kwenye mpini. Alipoivuta, shimo dogo lilitoa sauti kama ya mtu anayemeza mate, na maji yakaanza kupanda, ya kahawia kwanza, kisha meupe, yakamfika kwenye vifundo, yakamfika magotini, akaanza kupiga kelele avutwe.

"Nilikosea mita moja," Mashavu alisema. Hakuna aliyemsikiliza. Bi Somoe alikuwa ameketi chini, ndoo mapajani, akinywa, anatua, anatazama ndani, anakunywa tena.

*

Serikali ilifika siku ya tisa tangu maji yatoke. Mkuu wa Wilaya, Bwana Tindwa, aliteremka kwenye gari na mwavuli, nyuma yake Inspekta Mahanyu na askari sita.

"Nimearifiwa kuna kisima," alisema.

"Ndicho hicho," alisema Bi Somoe.

"Hakipo." Mkuu wa Wilaya akakunjua ramani ya kijivu. "Mnaona? Hapa hakuna kitu, juu wala chini. Nimekuja kukifukia."

"Unafukiaje kisichokuwepo, Mheshimiwa?" aliuliza Mashavu.

Mkuu wa Wilaya alifikiri. Jasho lilimtoka. Ni kweli kwamba kukifukia kungehitaji amri, na amri ingehitaji neno "kisima," na neno hilo likiandikwa karibu na Mtulieni lingemfikia Mlezi Mkuu wakati wa kifungua kinywa. Alirudi garini, akashauriana na wakubwa wake kwa redio ya upepo kwa muda mrefu, akarejea na karatasi.

"Serikali ni sikivu," alisema. "Hatutafukia. Mshauri Mwandamizi wa Nyumba Yake atatia sahihi tamko hili, kwamba haya yanayoonekana ni maji ya kiinimacho, yasiyo na kibali, na kwamba atakayedai ameyanywa amejidanganya. Kisha kila mtu aende nyumbani kwake."

Wanawake walikuwa wamekizunguka kisima, wameketi, ndoo zimeelekezwa nje kama ngao. Mashavu aliichukua karatasi akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho, ili kila mtu asikie alichoombwa. Kisha akaomba kalamu. Mkuu wa Wilaya alimpa kwa tabasamu.

Mashavu aliyakata maneno yote kwa mstari mmoja. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: NIMEKUNYWA. Akatia sahihi ileile ya Lihambe.

"Lete hapa," alisema Bi Somoe. Hakujua kuandika. Alichovya kidole gumba kwenye tope la kisima akakibandika chini ya jina la Mashavu. Akafuata Mpalanje, kisha Ngoda, kisha wanawake mmojammoja, bila kusukumana. Karatasi ilipojaa waliigeuza. Mkuu wa Wilaya alikuwa akipiga kelele kwamba nyaraka ya serikali haiguswi kwa tope, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsikiliza, kwa sababu kila mmoja alikuwa anasubiri zamu yake. Askari mmoja, kijana wa watu, alikuwa ameshakunywa vikombe viwili alivyopewa na shangazi yake wa pale kijijini. Alisimama kwenye foleni kwa mazoea, na alipofika mbele akakumbuka yeye ni nani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akabandika gumba.

Mashavu alikamatwa hapohapo kwa kosa la kutia sahihi ukweli pasipo kibali.

*

Alikaa rumande ya mji wa wilaya siku kumi na moja. Kila asubuhi Inspekta Mahanyu alifungua jalada, akauliza swali moja.

"Maji yapo?"

"Yapo."

"Andika hayapo."

"Sitaandika."

Jalada likafungwa. Inspekta hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyebakiza miaka minne kustaafu, na aliuliza swali lile kwa namna mtu anavyopiga mswaki.

Siku ya kumi na moja, kwenye joto la saa tatu, alimletea Mashavu maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati. Kwa siku zote zilizopita yalikuwa maji ya chumvi, ya tope, na kidogo. Haya yalijaa hadi mdomoni mwa kikombe. Mashavu akanywa funda moja, akalishika kinywani. Yalikuwa baridi, yenye harufu ya mbali ya chungu kipya.

"Afande," alisema, "maji haya mmeyatoa wapi?"

Inspekta akatazama ukuta.

"Tangi la mji limekauka," Mashavu aliendelea. "Nalisikia bomba likikohoa usiku kucha. Mmeyatoa wapi?"

"Uko huru," alisema Inspekta ghafla, akafungua mlango wa rumande. "Amri imetoka juu. Mtu hawezi kushikiliwa kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Nenda."

Mashavu aliketi tena kwenye mkeka.

"Siendi."

"Umeachiwa!"

"Nimesikia. Umeniuliza mara kumi na moja, nami nimekujibu mara kumi na moja. Nami nimekuuliza mara moja tu. Andika jibu kwenye jalada hilohilo, ndipo niondoke."

Inspekta alimsihi. Alimtishia kumkamata, kisha akakumbuka tayari yuko rumande. Saa sita mlango ulikuwa bado wazi na mahabusu bado ndani, na makarani wakaanza kupita kwenye korido bila sababu ili waone. Polisi wa nchi ile walikuwa na utaratibu kwa mahabusu anayetoroka, kwa anayekufa, hata kwa anayegeuka wazimu. Kwa anayegoma kutoka hawakuwa nao. Jua lilipoanza kuinama Inspekta alivuta kiti, akaketi, akafuta shingo kwa leso, na akaandika polepole, akitamka kila neno kwa uchungu:

"Maji ya kituo hiki... mapipa kumi na mawili kwa siku... yanachotwa kwa lori la polisi... kutoka kisima cha Ngendambili... chenye kina cha mita thelathini."

"Ishirini na tatu," alisema Mashavu.

Akakata, akaandika ishirini na tatu, akapiga muhuri. Mashavu akaomba nakala, akasubiri hadi ilipokauka wino, akaikunja ndani ya daftari lake.

"Lori linarudi huko saa ngapi?" aliuliza akitafuta viatu.

"Saa kumi." Inspekta alishusha pumzi. "Ila mbele kumejaa. Mkuu wa Wilaya ametuma nalo mapipa yake mawili, na mtu wa kuyalinda."

Basi akapanda nyuma. Walimwona mjini kote alasiri ile, juu ya lori la polisi, ameketi kwenye pipa la Mkuu wa Wilaya lililo tupu, ameshika bomba la pembeni asianguke, anarudi Ngendambili.